Bega lililompa Pelagia jina la mjanja

Umande bado uko kwenye mabua, na Pelagia ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto. Anaipandisha juu ya kichwa, anaishusha kwenye rundo la mpunga lililotandazwa juu ya turubai, anaipandisha tena. Mkono wa kulia ameuacha unaning'inia, vidole vimeshika pindo la kitenge. Punje zinaruka na kumgonga miguuni.

Wanawake wengine watatu wanapiga upande wa pili wa turubai. Wao wanapiga kwa mkono wa kulia, kwa pamoja, na fimbo ya Pelagia inachelewa kidogo kila mara. Ukitazama harakaharaka utadhani wote wanaangalia mpunga. Kaa kidogo, utaona macho yanakwenda na kurudi kwenye ule mkono unaoning'inia.

"Wananichunga," Pelagia anasema kwa sauti ya chini, akijifanya anafuta jasho. "Wanangoja nijisahau. Siku nikiupandisha huu wa kulia kufukuza inzi tu, nimekwisha."

Hapa ni Kasansa, eneo la Mpimbwe, mkoani Katavi. Shamba ni la Fausta, kiongozi wa kikundi chao cha kupura mpunga. Kati ya macho yote yaliyopo hapa, ya Fausta ndiyo makali zaidi.

Kikundi chenyewe hakina ofisi wala jina. Mashine za kupura zipo, lakini huanza na wenye mashamba makubwa, na zikiwafikia wenye ekari moja au mbili, ng'ombe na kweleakwelea wameshakula vya kutosha. Kwa hiyo wanawake hawa hupigiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kutwa kwangu, mpaka kila mmoja awe ameingiza wake ndani. Aliyekupigia naye utampigia, na fedha haina nafasi hapo.

Msimu uliopita kura ilimwangukia Pelagia, shamba lake likawa la kwanza. Wote walifika, wakapiga, mpunga ukaingia ndani. Zamu ya pili ilikuwa ya Fausta. Asubuhi ya zamu hiyo Pelagia akatokea shambani mikono mitupu, akasema bega limekufa.

Sasa msomaji, hebu jiweke kwenye nafasi ya Fausta.

"Wake uko ndani, wangu uko nje, halafu bega ndiyo linakufa," anasema Fausta, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. "Juzi halikufa. Jana halikufa. Linakufa leo, kwangu mimi. Ungekuwa wewe ungeamini?"

Mwandishi wa makala haya aliliandika swali hilo daftarini kama lilivyo.

Pelagia ana umri wa miaka arobaini na mbili. Amezaliwa kwenye familia ya wakulima wa mpunga na mahindi, akaolewa na mkulima mwenzake, Gervas, na binti yao mkubwa anaitwa Happiness. Hajawahi kuajiriwa na mtu. Kila alichonacho, kuanzia bati la nyumba hadi sare za shule za watoto, kimetoka kwenye mikono hii miwili, na wa kulia ndio uliokuwa ukiaminika zaidi.

Anakumbuka vizuri siku mkono huo ulipomsaliti, ingawa hakuna mwingine aliyeiona siku hiyo ikitokea. Ilikuwa shambani kwake, wakimalizia rundo la mwisho.

"Nilipandisha fimbo, nikiwa nimeshachoka. Kitu kikakatika humu ndani, nikakisikia kabisa, tap, kama uzi wa kushonea gunia," anaeleza. "Maumivu yakaniingia mpaka machoni. Nikauma meno, nikaendelea."

Kwa nini hakupiga kelele? Hapo ndipo penye mkasa mzima. Katika kikundi hiki mwenye shamba ndiye wa kwanza kushika fimbo na wa mwisho kuiweka chini. Mwenye shamba akikaa, wenzake nao wana haki ya kukaa, na kazi inalala. Pelagia aliogopa rundo lile libaki nje. Akapiga mpaka punje ya mwisho kwa bega lililokwisha kukatika, akawashukuru wenzake kwa tabasamu, akarudi nyumbani akitembea kama mtu mwenye afya njema.

Lile tabasamu limemgharimu. Wangemwona akianguka siku ile, leo kusingekuwa na hadithi.

Wenzake hawakumhukumu hivihivi. Fausta aliongoza ujumbe hadi nyumbani kwake, na kwa maelezo ya wote waliokuwepo, mambo yalikwenda hivi. Pelagia aliketishwa kwenye kigoda. Fausta akaushika mkono wa kulia penye kiwiko, akaupandisha taratibu kwa pembeni. Ukapanda. Ukapita usawa wa bega, ukapita sikio, ukasimama juu kabisa kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

"Si huo umepanda!" akasema Imakulata, mwanakikundi mwenzao na jirani ambaye ukuta wa jiko lake unatazamana na ua wa Pelagia.

Fausta akauachia. Mkono ukaanguka pwa, ukagonga paja.

"Haya, pandisha mwenyewe."

Pelagia akajaribu. Bega lote likakwea hadi karibu na shavu, lakini mkono wenyewe ukasogea kidogo tu kutoka ubavuni, ukagoma. Wanawake wakacheka, wakisema anapandisha bega na kuuacha mkono chini. Yeye hakucheka, kwa sababu jasho lilikuwa linamtiririka kwa maumivu.

"Kitu kilichovunjika hakisogei," Fausta anasema hadi leo, na anasema kwa uhakika. "Mtu akivunjika mguu, wewe ukiugusa tu anapiga ukunga. Huu wake mimi nimeupandisha mwenyewe kwa mikono yangu, ukaenda laini. Kwangu unapanda, kwake haupandi. Kama huo si uvivu ni nini?"

Ukweli usemwe, hoja yake ilikuwa imesimama. Na ikapata nguvu zaidi siku chache baadaye, Imakulata alipochungulia uani na kumwona Pelagia anasonga ugali. Kwa mkono gani? Wa kulia. Anasonga haswa, sufuria limeshikwa kwa miguu, mwiko unazunguka. Siku nyingine akaonekana anatoka kisimani na ndoo, ameibeba mkononi, mkono ni huohuo.

"Ugali anasonga, maji anachota, mpunga wangu ndiyo hawezi," Fausta alisema mbele ya watu baada ya misa, na kuanzia siku hiyo Pelagia akaitwa mjanja.

Kisichoonekana kutoka kwenye jiko la Imakulata ni haya. Mwiko hauhitaji mkono kupita kifua. Ndoo inaning'inia tu. Lakini kwa mkono huo Pelagia alikuwa hawezi kuchukua kikombe kwenye rafu, kuanika nguo kwenye kamba wala kufunga kilemba. Happiness ndiye aliyekuwa akimsuka na kumvalisha blauzi, mkono mmoja kwanza, kama anavyovalishwa mtoto mchanga.

Zahanati walimpa dawa za maumivu. Maumivu yakapungua, mkono ukabaki vilevile, na hilo nalo likawa ushahidi dhidi yake.

Lakini tusimfanye Pelagia malaika. Wakati Fausta anamshuku yeye, yeye naye alikuwa anamshuku Fausta, tena kwa jambo zito kuliko uvivu.

Asubuhi ile ya kupura, kabla ya kuanza kazi, Fausta alimwekea mkono begani na kusema kwa utani, "Bega la chuma hili, leo tutaona litafika wapi." Jioni bega likakatika. Pelagia akaunganisha mambo mawili, akapata jibu lake, akalifungia moyoni.

"Nilisema huyu ndiye," anakiri, na hapa anatazama chini. "Siku za mwanzo, kabla hawajaja kunipima, akileta uji nilikuwa namwaga nyuma ya nyumba. Watoto nikawakataza kupita kwake. Kanisani tukiambiwa tutakiane amani, nilikuwa nageuka nyuma, nampa mkono mtu mwingine. Wa kushoto, lakini nampa."

Maeneo haya, maneno ya kurogana yakitoka mdomoni yanaweza kumhamisha mtu kijijini, au kumfanyia jambo baya zaidi. Pelagia anashukuru hadi leo kwamba hayakutoka.

Kilichomuuma kuliko vyote hakikutoka kwa Fausta, kilitoka chumbani kwake. Gervas ni mpole, si mtu wa kugombana. Lakini Pelagia akaanza kuona kopo la chumvi limehamia juu ya kabati. Kesho yake kiberiti nacho kiko huko huko. Mumewe akishakiweka, anatoka, anakaa barazani karibu na dirisha, kimya.

"Nikajua ananitega," anasema. "Anataka anisikie nikikitoa. Ningetoa kwa wa kushoto asingejua ni upi, nikawa namwita Happiness anipe chumvi, kwa sauti, ili asikie. Fikiria, ndani ya nyumba yangu, kwa baba watoto wangu."

Gervas, alipoulizwa, hakukana. "Mama Happy tumeishi naye vizuri," alisema. "Lakini watu wakisema sana, na wewe unaanza kuangalia. Nilikuwa naangalia tu."

Ni Gervas huyohuyo aliyekata shauri la kwenda Mpanda. Pelagia anaamini alitaka jibu kuliko tiba, na pengine ni kweli. Wakapanda basi la asubuhi, wakapita Sitalike, wakafika hospitali moja ya mjini, na baada ya kupigwa picha wakaelekezwa kwenye chumba cha mazoezi ya viungo kwa mtaalamu anayeitwa Respicius.

Respicius alimketisha kwenye kitanda. Akamuuliza analalia ubavu upi. Kisha akaushika mkono wa kulia penye kiwiko, akaupandisha taratibu kwa pembeni.

Ukapanda. Ukapita bega, ukapita sikio.

Pelagia anasimulia: "Nikasema basi, hata huku mjini kipimo ni kilekile cha Fausta. Nikamtazama mume wangu mlangoni, nikaona amekunja uso. Nilitamani ardhi inimeze."

Respicius akamwomba aushushe mwenyewe polepole. Mkono ukaanguka. Akamwambia aupandishe. Bega likakwea hadi shavuni, mkono ukabaki chini.

"Mama, kuna mtu alishawahi kukufanyia hivi?" akauliza.

"Wenzangu kijijini."

"Wakasemaje?"

"Wakasema mimi ni mwongo."

Respicius hakucheka. "Kipimo walikipima vizuri," akasema. "Jibu ndilo walilisoma vibaya."

Akamwita Gervas asogee, akavua koti lake na kuonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Bega, alieleza, ndicho kiungo kinachosogea kwa uhuru kuliko vyote mwilini. Kinakwenda mbele na nyuma, kinakwenda pembeni, kinapanda juu, kinajikunja ndani na kujifungua nje, na kikiamua kinazunguka duara zima. Nyonga haiwezi hayo, kwa sababu mfupa wa paja umezama kwenye shimo refu. Shimo la bega ni la juujuu. Mfupa wa mkono umekaa hapo kama chungwa juu ya kisahani.

Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli minne midogo, iliyotoka kwenye mfupa bapa wa mgongoni na kuukumbatia mfupa wa mkono kutoka nyuma, juu na mbele. Msuli mkubwa tunaouona kwa vijana wa kupakia magunia, ule unaofunika bega, una nguvu nyingi za kunyanyua. Lakini unahitaji ile midogo iushikilie mfupa katikati ya kisahani, na ule wa juu usaidie kuuanzisha mkono safari. Kano la huo wa juu, yaani kamba inayoufunga kwenye mfupa, ndilo lililokatika kwa Pelagia. Kipimo kingine walichomfanyia siku hiyo kilionyesha hivyo hivyo.

"Kwa hiyo mifupa ni mizima, kiungo ni kizima, ndiyo maana mtu akikushika kinapanda laini," Respicius alimwambia. "Kilichokosekana ni kamba ya kuvutia. Ingekuwa bega limeganda, lisingepanda hata kwangu. Hili kupanda kwangu na kukataa kwako, ndiko kunakoniambia wewe husemi uongo."

Gervas aliuliza kuhusu ugali. Ndiyo, aliuliza, hapohapo. Respicius akamwambia kusonga na kubeba ndoo ni kazi ya misuli mingine, na mkono ukiwa chini kano lile halina kazi kubwa.

Walitoka nje, wakakaa stendi kungoja usafiri. Kilemba cha Pelagia kilikuwa kimelegea kwa kuvuliwa blauzi. Akaanza kukihangaikia kwa mkono wa kushoto. Gervas akamtazama, akasimama nyuma yake, akakifungua na kukifunga upya mbele ya abiria wote.

"Aliniomba radhi? Hakuniomba," Pelagia anasema, na macho yanamlowa huku anacheka. "Alinifunga kilemba. Vibaya kabisa, sikio moja nje. Nililia pale stendi mpaka mama mmoja muuza karanga akaniuliza kama nimefiwa."

Upasuaji ungehitaji safari ya hospitali kubwa, mbali na mkoa. Pelagia akachagua mazoezi. Kutembeza vidole ukutani kwenda juu, kusukuma mkono mbovu kwa fimbo iliyoshikwa na mzima, na kuvuta mpira wa tairi la baiskeli uliofungwa kwenye kitasa cha mlango. Imakulata aliuona mpira ule. Kufika jioni, habari ilikuwa imezunguka kwamba Pelagia ametoka mjini na kamba nyeusi ya kufungia mlango, na watu wafikirie wenyewe ni ya nini.

Mpira huo ndio uliomfungua macho Pelagia. Alisikia walivyoutafsiri, akaona jinsi kitu kidogo kinavyogeuka kikubwa kwenye kichwa cha mtu aliyekwisha kuamua. Akakumbuka mkono wa Fausta begani mwake, na ule uji alioumwaga.

Akaenda kwa Fausta peke yake, bila Gervas.

"Nikamwambia daktari amesema kano limekatika, na limekatika kwa fimbo yangu mwenyewe, shambani kwangu," anasimulia. "Halafu nikamwambia lingine. Nikamwambia nilidhani ni wewe umeniroga. Nisamehe."

Fausta anasema alikaa chini. "Mimi nimekaa huku namwita mvivu, kumbe mwenzangu ananiita mchawi!" anasema, na hasira bado ipo, unaisikia. "Ningeweza kuchomewa nyumba kwa ajili ya utani mmoja. Nilimwambia ondoka kwangu. Kisha nikamwambia rudi, hatujamaliza."

Hawakumaliza mpaka jua likaegemea. Fausta alikubali radhi, lakini bega hakulikubali. Ana sababu zake. Msimu ule kikundi kilipungua mtu mmoja, kazi ikachelewa, na ng'ombe wakaingia kwenye rundo lake wakalichakaza. Watoto wake walikula kwa kukopakopa miezi ya mvua. Habari za misuli minne hazirudishi mpunga.

"Daktari wake simjui," anasema. "Yeye amwambie vizuri huko Mpanda. Mimi najua nilichokiona kwa macho yangu."

Hapo ndipo Pelagia akatoa pendekezo ambalo hakuna aliyewahi kulitoa katika kikundi. Msimu huu asiingizwe kwenye kura. Wamweke wa mwisho. Atapiga kwa kila mmoja kwanza, kwa mkono wa kushoto, na wao wakimaliza, ndipo waje kwake.

Gervas aliposikia alishika kichwa. Wa mwisho ndiye anayeliwa mpunga na ndege na ng'ombe. Na kuna jambo jingine ambalo hakulisema kwa sauti. Wenzake wote wakishaingiza mpunga wao ndani, ni nini kitakachowarudisha shambani kwa mtu wanayemwita mjanja?

"Hata mimi najiuliza," Pelagia anasema. "Usiku najiuliza. Nyie mnaona nimekaa kimya, lakini moyoni nawashuku. Nawaangalia wanavyocheka, nasema hawa hawaji."

Hivi sasa shamba la Fausta linakwisha. Litafuata la Imakulata, kisha la mwenzao wa tatu, kisha la Pelagia. Mpunga wake umekatwa, umerundikwa, na Gervas amejenga kibanda cha kulindia. Kengele za ng'ombe zinasikika upande wa mbugani, na kila siku zinasikika karibu zaidi. Hawana akiba nyingine. Ule ndio mwaka wao mzima, umelala chini ya majani makavu.

Mkono wa kulia sasa unafika usawa wa kifua wenyewe, bila kusaidiwa. Respicius amemwambia hautarudi ulivyokuwa, ila huenda ukafika kwenye rafu ya vikombe. Pelagia hataki wenzake wauone unavyopanda, wasije wakasema umepona kwa sababu msimu umefika. Anaufanyia mazoezi ndani, mlango umefungwa.

Mwandishi alimuuliza Fausta swali lililobaki. Je, zamu ya Pelagia ikifika, watakwenda?

Fausta aliendelea kupepeta. Upepo ukachukua makapi. Akatazama upande wa pili wa turubai, ambako mwenzake alikuwa anakusanya punje kwa mkono mmoja.

"Tutakwenda," alisema hatimaye. "Lakini ule mkono nitauangalia siku nzima. Kuanzia asubuhi mpaka tunafunga magunia, sitoi jicho."

Pelagia alipofikishiwa maneno hayo jioni, akiwa anajifuta vumbi la mpunga shingoni, aliomba arudiwe mara ya pili. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza cha siku nzima kilichotoka mpaka tumboni.

"Aniangalie," alisema. "Aniangalie mpaka achoke. Si atakuwa yupo shambani kwangu?"